Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu makaratasi ya profesa wa jiografia

Haya ni kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba waliobakiwa na maboksi ya baba, mama, mume au maalim wao alosomesha jiografia chuo kikuu na hawajui wayafanyeje. Masuali ni yale yale watu wanayouliza kila siku. Pengine nimejibu kwa urefu, pengine nimekata maneno.

Unaposema makaratasi ya profesa unakusudia nini, vitabu vyake?

Vitabu hapana. Kitabu kikishachapishwa kipo na kwengine, hata cha nyumbani kikiliwa na mchwa utakipata maktaba. Nakusudia vile vitu ambavyo duniani viko kimoja kimoja tu: madaftari ya fildi (ya kuandikia akiwa nje kwenye utafiti), ramani alizozichorea kwa penseli, picha za anga, slaidi, fomu za mahojiano, notsi za lekcha, barua za kazini na za nyumbani, barua ya ajira ya kwanza, barua za kupandishwa cheo kutoka mhadhiri msaidizi mpaka mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na mwisho profesa kamili, diary, hata karatasi ya ratiba ya safari ya wanafunzi. Vyote hivi pamoja ndo vinaonesha mtu alifanya kazi vipi na alifikia vipi yale alosema kwenye vitabu.

Mbona mnaishikilia jiografia, kwani profesa wa fani nyengine makaratasi yake hayana maana?

Yana maana, ila ya jiografia yana jambo lake. Mwanajiografia ameandika kuhusu mahali, na mahali panabadilika, hapasubiri mtu. Nimewahi kushika daftari moja la fildi, dogo, jalada gumu, kurasa zimeingia rangi ya chai. Ukurasa mmoja tu: juu tarehe na jina la kijiji, chini yake kaandika "bamvua, maji yamefika mnazi wa tatu", alafu kina cha kisima kwa pima, alafu kachora mstari, huku kinongo (udongo wenye kina wa kulimika), huku uwanda (ardhi ya mawe), na jina la mzee alomuonesha mpaka ule, na pembeni kabisa bei ya mwani siku ile. Kilimo cha mwani cha biashara kwetu kimeanza 1989 kule Paje na Jambiani, kwa hivo bei ile inatwambia jambo kuhusu miaka ambayo watu walikuwa bado wanajifunza kazi. Na ule mnazi wa tatu leo ni kipimo. Pemba kuna sehemu kama Kisiwa Panza bahari imeingia kwenye mashamba, na mtu anaetaka kujua imeingia kiasi gani na tokea lini hana pa kutizama ila kwa watu walopita zamani wakaandika. Kitabuni mstari ule haupo. Kitabuni limeandikwa neno la jumla tu, kwamba ufukwe unaliwa.

Kuna profesa yeyote wa jiografia ambae makaratasi yake yametunzwa vizuri tukaona faida yake?

Wapo wengi, na mimi napenda kumtaja Gilbert White kwa sababu kazi yake ilifika mpaka kwetu Afrika Mashariki. Alizaliwa Chicago 1911, miaka ya 30 akafanya kazi ya serikali Washington kwenye mambo ya mito na maji, mwaka 1942 akamaliza tasnifu yake Chuo Kikuu cha Chicago kuhusu binadamu na mafuriko. Humo ndo lile neno lake linalotajwa mpaka leo, kwamba mafuriko ni ya Mungu lakini hasara ya mafuriko kwa sehemu kubwa inatokana na watu wenyewe. Alikuwa Mquaker, dhehebu la Kikristo linalokataa vita, wakati wa vita vikuu vya pili akaenda Ufaransa kusaidia wakimbizi, Wajerumani wakamtia kizuizini. Baadae akawa mkuu wa Haverford College, kisha profesa Chicago kuanzia 1956, kisha Boulder, Colorado, kuanzia 1970, na huko huko ndo alipofariki 2006. Makaratasi yake yako maktaba ya Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder.

Sasa sikiliza linalotuhusu. Miaka ya 60 yeye na mkewe Anne White pamoja na daktari David Bradley walifanya utafiti Kenya, Uganda na Tanzania, sehemu 34 kwa jumla, Dar es Salaam ikiwemo, kuuliza suali ambalo hakuna aliekuwa amelichukulia kwa uzito: mwanamke anachota maji kiasi gani kwa siku, wapi, kwa masafa gani, na kwa nini anachagua kisima hichi asichague kile. Kitabu kikatoka 1972. Miaka ya mwisho ya 90 watafiti wengine wakarudi sehemu zile zile wakauliza masuali yale yale, na matokeo yakatoka 2001. Kilichoonekana kilishtua: nyumba zenye bomba zilikuwa zinapata maji kiasi cha nusu tu ya zamani, mana bomba lipo lakini maji hayatoki kila siku. Nyinyi mnaoishi Ng'ambo mkiamka saa tisa usiku kusubiri maji hamhitaji kuelezwa. Ila kulijua kwa hesabu, kwamba zamani ilikuwa kiasi hiki na sasa ni hiki, kunataka rekodi ya mwanzo iwepo, na iseme walikwenda wapi hasa na waliuliza nini hasa. Bila ya hiyo huna cha kulinganisha, unabaki na "zamani maji yalikuwa mengi" ya barazani.

Maprofesa wa kwetu ni yepi yanayotegemewa kuwemo kwenye maboksi yao?

Inategemea amepita wapi. Wengi wa umri mkubwa walisoma au walifundisha Mlimani, chuo kilichoanza Dar 1961 na kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kamili 1970. Kama alifanya kazi na BRALUP, ile ofisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi ilofunguliwa 1967 na baadae 1983 ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, basi tafuta ripoti za kupigwa chapa kwa taipureta, zile za karatasi nyembamba. Kuna walokuwa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa hapa Unguja, ya tokea 1978. Kuna walosomesha walimu Nkrumah, Beit el Ras, kabla chuo kile hakijaingia SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Notsi za walimu hawa msizidharau, mana ndo zilotengeneza jiografia ilofundishwa skuli zetu.

Nimefungua chumba nimekuta maboksi kila pahala. Nianze wapi?

Anza kwa kutogusa. Kweli kabisa. Piga picha kwa simu chumba kizima, kila kabati, kila rafu, kila boksi likiwa limefunguliwa kabla hujatoa kitu. Sababu yake ni kwamba mpangilio alouacha mwenyewe ni habari tosha. Barua ikiwa ndani ya daftari la Micheweni basi inahusiana na Micheweni, ukiitoa ukaipeleka kwenye rundo la "barua" umeshaivunja ile habari na hakuna atakaeirudisha. Watu wenye nia njema ndo wanaoharibu zaidi hapa, mana wanapanga, wanatia kila ramani na ramani, kila picha na picha, kwa herufi, nyumba inapendeza alafu hakuna kinachofahamika tena.

Ukishapiga picha yape maboksi namba, moja mbili tatu, kwa penseli juu ya kipande cha karatasi kinachowekwa ndani. Alafu chukua daftari jipya uandike boksi namba fulani lilikuwa wapi na lina nini kwa ufupi, "mafaili manne ya mitihani, daftari mbili za fildi, bahasha ya picha". Inatosha. Huna haja ya kusoma kila barua. Kalamu ya wino usiingie nayo chumbani kabisa.

Yepi nitupe?

Kopi za ziada za kitu kimoja, magazeti mazima ambayo hakuandika kitu ndani yake (angalia kwanza!), mabroshua, bili za simu. Karatasi za mitihani za wanafunzi walizojibu zisitoke nje, zile si zake, ni siri za watu, ziharibiwe kwa kuchanwa vizuri. Masuali ya mtihani lakini yaweke, yanaonesha alifundisha nini mwaka gani. Ukiwa na shaka na kitu kiache kwenye boksi lake.

Joto na unyevu wa huku kwetu unaviweza kweli?

Unaviweza ukijipanga. Adui mkubwa ni unyevu, joto linafuata. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kuvu linaanza, na sisi wakati wa masika tunapita hapo bila ya taabu. Kwa hivo chagua chumba cha ndani, kisicho na ukuta unaopigwa na mvua, kisicho pakana na choo wala jiko, na maboksi yasigusane na ukuta wala sakafu. Nyumba za Mji Mkongwe kuta zake za mawe na chokaa zinanyonya maji kutoka chini, boksi likiegemezwa pale miezi mitatu utakuta upande mmoja umelainika. Weka juu ya meza au mbao zilonyanyuliwa, acha hewa ipite, feni ya polepole ni nzuri kuliko kufunga madirisha siku zote. Kazi ya kufungua na kusafisha ifanye Juni mpaka Septemba, hewa ya kusi ina baridi na mvua ni chache.

Mchwa anatoka ardhini, kwa hivo kunyanyua boksi na kuangalia miguu ya meza kila wiki ndo dawa ya kwanza. Usipulize dawa ya wadudu juu ya karatasi, inaacha madoa na ni mbaya kwa atakaeshika. Vile vidudu vidogo vinavyokula gundi na jalada, kuna njia ya friza: karatasi iwe kavu, itiwe kwenye mfuko wa plastiki ukafungwa barabara, friza iwe inagandisha kweli kweli kiasi cha nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili, na ukitoa usifungue mfuko mpaka baridi itoke na urudi kwenye joto la chumba, la si hivo maji yatatonea ndani. Slaidi na picha usizitie huko.

Pini, klipu na stepla zinapata kutu kwa hewa ya bahari, toa taratibu, ila karatasi zilokuwa pamoja zibaki pamoja ndani ya karatasi safi ilokunjwa. Raba bendi toa. Selotepu usitie hata kidogo, inageuka rangi na gundi yake inakula maandishi. Na lamineti tafadhali msifanye, nimeona ramani nzuri sana ilotiwa lamineti stesheneri, ile haitoki tena maisha.

Yameloa tayari, paa limevuja.

Una siku mbili, kuvu halingoji zaidi ya saa 48. Tandaza ndani ya nyumba juu ya kanga au taulo kavu, washa feni isiyopiga moja kwa moja, usianike juani mana karatasi itapinda na wino utapauka. Picha zilogandana usizibandue kwa nguvu. Yakiwa mengi hukuwahi yote, yatie kwenye mifuko ugandishe, kisha utoe kidogo kidogo ukaushe.

Ramani kubwa na picha za anga nizifanyeje?

Ramani zilale, usikunje upya. Ikiwa ndefu mno izungushie juu ya bomba pana la kadibodi lilofunikwa karatasi safi, usiichomeke ndani. Watu wengi huniambia "hii ramani ipo Ardhi, ya nini?" Mara nyingi ni kweli ramani yenyewe ipo, zile za kipimo cha 1:10,000 walizochapisha DOS, idara ya upimaji ramani ya Uingereza, miaka ya 80 zipo kwa wengi. Ila yenu ina penseli juu yake. Ina mishale, majina ya mitaa ambayo mchora ramani hakuyajua, alama za visima, tarehe. Penseli ile ndo utafiti.

Picha za anga huja mbili mbili, zinaingiliana kiasi cha asilimia 60, na ukizitizama pamoja kwa stereoskopu, kile chombo cha lenzi mbili, vilima vinanyanyuka. Ukizitenganisha kila mtoto akachukua moja ya ukumbusho umezimaliza. Angalia pembeni na nyuma, kuna namba ya safari ya ndege na maandishi. Tokea 2016 visiwa vyetu vimepigwa picha kwa droni, mradi wa Zanzibar Mapping Initiative, na wanafunzi wa SUZA walikuwemo, picha zile ni safi mno na ziko wazi kwa watu. Sasa mtu akiwa na picha ya anga ya miaka ya 70 ya mtaa wake wa Ng'ambo na hii ya droni mkononi, anaona majumba ya Michenzani yalivyopita na nini kilikuwepo kabla. Hii inanifurahisha kuliko jambo lolote katika kazi hii.

Slaidi, kaseti, diski za kompyuta?

Slaidi au nyigativu zikinuka siki ujue zinaoza, zitenge na nyengine na uziscan mwanzo. Kaseti za mahojiano zigeuzwe kuwa faili la sauti haraka, bado kuna mafundi wenye deki nzima. Floppy pia. Karatasi za faksi zinafutika zenyewe, zipige picha leo.

Si bora niscan vyote alafu karatasi nichome?

Hapana, nakuomba usifanye hivo. Nitakwambia kisa kimoja. Livingstone, yule mmishenari na msafiri wa Kiskoti, safari yake ya mwisho alianzia hapa Zanzibar 1866. Mwaka 1871 akiwa Nyangwe, Kongo, karatasi na wino vilimwishia, akawa anaandika juu ya gazeti la zamani kwa wino alotengeneza kwa mmea wa kule. Kitabu cha safari zake kikatoka 1874 ameshafariki, kimesafishwa na mhariri, na watu miaka zaidi ya mia wakasoma kile. Yale magazeti maandishi yalipauka hayasomeki. Wakaja wataalamu na kamera za mianga mbali mbali, 2011 wakayatoa yakasomeka, na ikaonekana aloandika pale pale siku ya mauaji ya sokoni Nyangwe si sawa na yalosomwa baadae. Mtu angelipiga picha ya kawaida miaka ya 50 akatupa gazeti, habari ile ingekwisha pale.

Kuscan ni kwa ajili ya kusomwa na watu bila kuchakaza. Maandishi 300 dpi yanatosha, ramani panda 400 mpaka 600. Jina la faili liwe na namba ya boksi. Nakala tatu, moja isiwe nyumba hiyo hiyo.

Kuna majina ya watu na siri ndani. Naogopa.

Una haki kuogopa na mimi siwezi kukuambia usijali. Madaftari ya fildi ya Zanzibar yana habari za eka tatu, nani alipewa shamba wapi baada ya Mapinduzi, nani alikuwa analima kabla, mpaka uko wapi. Watu waliongea na mtafiti kwa kumuamini, wengine walisema maneno ambayo enzi zile yangewafikisha pabaya, na kesi za ardhi bado zipo mpaka leo kati ya watoto wao. Kwa hivo unapoyakabidhi makaratasi unaweka sharti kwa maandishi: boksi fulani lisifunguliwe mpaka mwaka fulani, au lisomwe lakini majina yasitajwe. Nyaraka duniani kote wanakubali masharti kama haya, ni jambo la kawaida. Vile vile barua za kupendekeza wanafunzi na kesi za nidhamu, zifungwe miaka mingi. Kuchoma ndo jambo la mwisho kabisa, na mimi sijaona bado boksi lilostahiki.

Nani mwenye mali, mimi au ndugu zangu wote?

Warithi wote. Hata kama makaratasi yalikuwa kwako na wewe ndo ulomuuguza. Kaeni mkubaliane, muandike karatasi kila mmoja atie saini, mjane asisahauliwe. Ugomvi wa baadae huanzia hapa. Alafu kuna hakimiliki, ni jambo jengine mbali na karatasi yenyewe: maneno alioandika yeye haki yake iko kwa warithi, lakini barua aloandikiwa na mwenzake, karatasi ni yenu na maneno ni ya alieandika. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya 2003, kabla ya kuchapisha chochote ulizieni.

Tupeleke wapi?

Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, Unguja. SUZA wana maktaba Tunguu. Chuo alichofundisha nacho kina sehemu yake. Kabla ya kubeba boksi nenda na ile orodha yako ya daftari, uwaulize masuali haya haya bila kuona haya: mtayaweka chumba gani, kina feni au kiyoyozi na umeme ukikatika je, mtayaacha kwa mpangilio wake, nani ataruhusiwa, tutapata risiti yenye idadi ya maboksi? Jibu likiwa la kusitasita rudi nyumbani nayo, bado una wakati. Walioko Pemba wakivuka kutoka Mkoani wafunge kila boksi kwa plastiki na wakae nayo, wasiyatie chini na mizigo, na orodha iwe nakala mbili, moja ibaki Pemba.

Chuo cha nje kimetuandikia kinayataka, wanalipa na usafiri.

Msikimbilie. Wana vyumba vizuri, siwezi kukanusha, na kama paa lenu linavuja na hapa hamna aliekubali basi makaratasi kuokoka ni bora kuliko yote. Lakini makaratasi yanayozungumza visima vya Makunduchi na mipunga ya Pemba wenye kuyahitaji zaidi ni watu wa Makunduchi na Pemba, na mwanafunzi wa hapa hana viza wala nauli ya kwenda kuyasoma. Mimi nasema waje wascan hapa hapa, wachukue nakala, asili ibaki, na mashine ya kuscan ibaki pia. Wengi siku hizi wanakubali ukisimama imara.

Mzee wetu yu hai bado, tungoje?

Msingoje hata wiki. Kaeni nae asubuhi akiwa na nguvu, simu iwe inarikodi, kwa ridhaa yake, muda mfupi mfupi asichoke. Mumpe picha moja moja mkononi aseme nani huyu, wapi hapa, mwaka gani, na majina ya zamani ya mahali palipogeuka jina. Muulize vifupisho vyake, mana kila mtafiti ana vyake na akiondoka navyo hakuna wa kuvisoma. Muulize nani alimsaidia fildi, yule sheha, yule mvuvi alompeleka na ngarawa, majina yao hayamo kitabuni na wanastahiki kuandikwa. Muulize kipi hakukichapisha na kwa nini. Yepi hataki yasomwe aseme mwenyewe, muandike, atie saini. Na nywila ya barua pepe yake pia, mana kuanzia miaka ya 2000 nusu ya barua zake ziko humo.